Kabla Uvimbe Haujauma: Historia ya Uchunguzi wa Matiti

Mwaka 1947, daktari Philip Strax wa New York alimzika mkewe, Bertha, aliyekufa kwa saratani ya matiti. Enzi hizo mwanamke alikwenda kwa daktari baada ya kujigusa mwenyewe akakuta uvimbe. Wengi walifika wamekwisha kuchelewa.

Si kwamba eksirei hazikuwepo. Mwaka 1913 huko Berlin, mpasuaji Albert Salomon alipiga picha matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa, akaona saratani inavyoonekana ndani yake. Kazi ngumu ilikuwa kumwita mama asiyeumwa popote, mwenye shughuli zake, aje apimwe.

Strax aliifanya kazi hiyo. Kuanzia Desemba 1963, yeye na wenzake Sam Shapiro na Louis Venet waliwafuatilia wanawake 62,000 hivi wa miaka 40 hadi 64, waliokuwa kwenye mfuko mmoja wa bima ya afya. Nusu yao waliitwa kupimwa. Theluthi moja hivi ya walioitwa hawakutokea. Hata hivyo, baada ya miaka 10 vifo vya saratani ya matiti katika kundi lililoitwa vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 30.

Habari hii husimuliwa kama ushindi wa mashine, na hapo ndipo inapopotoshwa. Kila aliyefika alipigwa picha, na pia akakaguliwa kwa mkono. Kati ya saratani 132 zilizogunduliwa, 44 zilionekana kwenye picha peke yake; 59 ziligunduliwa kwa mkono peke yake.

Mwaka 1988 Uingereza ilianzisha mpango wa taifa zima, ikawaandikia barua wanawake kwa kutumia orodha za madaktari wa mitaani. Nchi zisizo na mashine za kutosha zilibaki zikijiuliza zifanye nini. Huko Shanghai, wanawake wapatao 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili, moja likafundishwa kujipima lenyewe. Matokeo ya 2002 yalivunja moyo: vifo vilikuwa sawasawa katika makundi yote mawili.

Jibu lilitoka Mumbai. Kuanzia 1998, Indraneel Mittra na wenzake wa hospitali ya Tata Memorial waliwafundisha wahudumu wa afya wa kike, wasio madaktari, kukagua matiti. Mhudumu huzungusha ncha za vidole polepole juu ya titi lote, akaingia kwapani, akatazama ngozi na chuchu. Waliandikishwa wanawake zaidi ya 151,000 wa mitaa ya kimaskini, na waliopangiwa ukaguzi walikaguliwa kila baada ya miaka miwili. Matokeo yalichapishwa 2021. Kwa walio chini ya miaka 50 vifo havikupungua. Kwa waliofikisha 50 na kuendelea, vilipungua kwa karibu asilimia 30, bila mashine ya picha katika ukaguzi wenyewe.

Tanzania, wagonjwa wengi bado hufika hospitali saratani ikiwa imekwisha kusambaa. Zahanati zipo vijijini, na akina mama huzizoea tangu siku za kliniki ya uzazi na chanjo za watoto. Wanapoacha kuzaa, wengi huacha pia kwenda, ilhali ndio umri unaohitaji ukaguzi zaidi. Mama uliyevuka 50, utakapokwenda kupima presha, mwombe muuguzi akukague na matiti. Nawe muuguzi, usingoje kuombwa.