Jaketi Lililotoka Motoni

Msomaji, ukichagua jaketi la flisi kwenye mitumba pale Moshi, weka mdomo upulize. Pumzi ikipenya, upepo wa mlimani nao utapenya. Tafuta koti la kuvaa juu. Uzuri wake hukauka chapuchapu, maana ni poliesta, si sufu.

Kitambaa hiki kilianzia kiwanda cha Malden Mills, mjini Lawrence, Marekani, mwaka 1979. Usiku wa Desemba 11, 1995 kiwanda kikateketea. Mwenyewe, Aaron Feuerstein, siku hiyo alikuwa ametimiza miaka 70. Angechukua bima akapumzike. Wapi! Alijenga upya, na kwa miezi kadhaa akawalipa mishahara watu waliokaa bure. Bosi gani huyo, jamani? Mwaka 2001 madeni yakaifilisi kampuni.

Langu lina lebo ya Polartec, jina la kitambaa chao. Zipu imekufa, nimelichukua hivyo hivyo.