Kipimajoto cha mfuniko wa jiko la gesi: kilitoka wapi, na kwa nini usikiamini peke yake

Leo naacha kidogo habari za chanjo na vyakula vya kuku, tuzungumzie kuku akishafika jikoni.

Mama mmoja mfugaji wa kuku wa nyama, ambaye siku hizi anachoma kuku wake na kuuza badala ya kuwauza wazima, alinunua jiko la gesi la kuchomea lenye mfuniko. Akapata oda ya kuku 12 wa sherehe ya kipaimara. Jioni ya sherehe akanipigia simu: "Bwana mifugo, saa ya mfuniko ilisoma mia mbili muda wote. Nimemkata wa kwanza, mbona ana damu mfupani?" Bahati nzuri alikuwa hajagawa. Kuku wote wakarudi motoni, wageni wakala wakiwa wamechelewa sana, na mama akapunguza bei kwa aibu. Lakini hakuna aliyeumwa tumbo.

Kesho yake nilikwenda kuliangalia lile jiko. Tukafungua ile saa kwa spana, tukatumbukiza mkia wake kwenye maji yanayochemka. Huku kwetu tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Saa ikasema 115. Ilikuwa inadanganya kwa nyuzi 20. Hata hivyo, kudanganya kwake ilikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo. Ili uelewe sehemu kubwa, inafaa ujue kifaa hiki kilitoka wapi na kilitengenezwa kujibu swali gani.

Kilianzia kwa fundi saa

Ndani ya kipimajoto cha mfuniko hamna zebaki wala betri. Mna utepe mwembamba wa metali mbili zilizoshikamanishwa, ukasokotwa kama springi. Metali zote hutanuka zikipata joto, ila kila moja kwa kiasi chake. Zikiwa zimeshikana, ile inayotanuka zaidi huilazimisha nyingine ijipinde. Msokoto ukijipinda huzungusha kijiti, na kijiti huzungusha mshale. Basi.

Wazo hili halikuanzia jikoni. Lilianzia kwa John Harrison, mwana wa seremala, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1693. Wakati huo manahodha wakiwa baharini walishindwa kujua wako umbali gani mashariki au magharibi, na meli zikapotea. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi kubwa kwa atakayepata njia. Njia mojawapo ilikuwa kubeba saa inayokwenda sawasawa safari nzima. Lakini joto likipanda metali hutanuka na saa huchelewa. Baridi ikija, saa hukimbia.

Katika miaka ya 1720 Harrison alitengeneza pendulamu ya saa yenye fito za shaba ya njano na za chuma zilizopangwa sambamba, ili kutanuka kwa moja kufute kutanuka kwa nyingine. Fito zile zilifanana na wavu wa kuchomea nyama, na Waingereza mpaka leo huiita pendulamu ile kwa jina la wavu huo. Baadaye, akiwa anahangaika na saa yake ya tatu ya baharini, kazi iliyomchukua karibu miaka 20 hadi 1759, alibuni utepe wa metali mbili zilizoshikamanishwa. Yeye aliutaka ufute athari ya joto kwenye saa. Waliokuja baada yake waligeuza matumizi: wakauacha ujipinde, wakaweka mshale, wakasoma joto.

Kifaa kiliimarika zaidi mwaka 1896, pale Charles Édouard Guillaume, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa katika ofisi ya kimataifa ya vipimo, alipogundua mchanganyiko wa chuma na nikeli usiotanuka karibu kabisa. Ukiuunganisha na metali inayotanuka sana, utepe hujipinda vizuri hata kwa joto dogo. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920.

Jikoni walipimaje kabla ya hapo?

Walipima kama bibi zetu walivyopima: kwa mkono. Waokaji wa Ulaya na Marekani waliingiza mkono ndani ya tanuri na kuhesabu hadi washindwe kuvumilia, au waliweka unga au karatasi nyeupe wakatazama inabadilika rangi kwa haraka kiasi gani. Vitabu vyao vya mapishi viliandika "tanuri la moto wa wastani" au "moto mkali" bila tarakimu, na kila mtu akaelewa kwa mkono wake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 majiko ya gesi na umeme yalileta vidhibiti joto. Mwaka 1923 Uingereza lilitoka jiko la gesi lenye kidhibiti kilichoitwa Regulo, chenye namba za kuchagua moto, na namba hizo zimebaki kwenye vitabu vya mapishi vya Waingereza hadi sasa.

Hapa naomba nijivunie kidogo kazi yetu. Mwaka 1914 Marekani ilipitisha sheria ya Smith-Lever iliyoanzisha huduma za ugani nchi nzima. Sehemu kubwa ya kazi ya mabibi ugani wa huko ilikuwa kufundisha familia kuhifadhi mboga na nyama kwenye chupa kwa kutumia sufuria za presha. Chakula kisichopata joto la kutosha ndani ya chupa huweza kuzalisha sumu inayoua, na sufuria hizo husomwa kwa geji ya mshale. Ndiyo maana hadi leo ofisi nyingi za ugani za wilaya huko Marekani hupima geji hizo kwa wananchi, na ushauri ni kuzipima kila mwaka. Wenzetu walijifunza mapema kwamba geji inayodanganya ni hatari kuliko kukosa geji, kwa sababu asiye na geji huwa mwangalifu.

Mfuniko ulipokuja

Mwaka 1952, karibu na Chicago, George Stephen alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya metali ya Weber Brothers, ambako walitengeneza, pamoja na vitu vingine, maboya ya chuma ya mviringo. Jiko lake la nyumbani la mkaa lilikuwa wazi, likisumbuliwa na upepo na mvua. Akachukua boya, akalikata katikati, nusu ya chini akaifanya jiko na nusu ya juu mfuniko wenye matundu ya hewa. Wavu wa kuchomea ukawa kama tanuri dogo.

Mfuniko ulileta faida, na ukaleta shida moja: nyama huioni. Mchomaji wa jiko la wazi hutazama, husikia mafuta yanavyolia, huweka kiganja juu ya moto. Ukifunika, vyote hivyo vimekwenda. Ukiinua mfuniko kutazama, joto linatoka.

Majiko ya gesi ya uani yalianza kuenea Marekani katika miaka ya 1960, na mwaka 1985 kampuni ya Weber nayo ikatoa la kwake lililoitwa Genesis. Gesi haina makaa ya kuyasoma kwa rangi, kwa hiyo mchomaji alihitaji mshale. Utepe wa metali mbili ulifaa: ni rahisi, hauhitaji betri, na unafungwa kwa tundu moja na nati moja. Mahali rahisi pa kutoboa ni mfuniko, na mnunuzi dukani anauona mara moja. Vingine havikuwa na tarakimu kabisa, bali maeneo ya maneno tu: moto mdogo, wa kufaa, mkali.

Angalia sasa: mahali pake palichaguliwa kwa sababu ni rahisi kutengeneza na kuonekana. Nyama lakini iko chini kwenye wavu. Kipimajoto cha mfuniko husoma hewa iliyo chini ya mfuniko, mahali kilipo. Hewa ya juu na ya kwenye wavu huweza kutofautiana sana, na upande wenye moto hutofautiana na usio na moto. Wala hakijui chochote kuhusu ndani ya paja la kuku.

Somo lililolipiwa kwa uhai

Mapema mwaka 1993, majimbo ya magharibi ya Marekani yalikumbwa na ugonjwa uliotokana na nyama ya kusaga isiyoiva vizuri kwenye mikahawa. Bakteria aina ya E. coli waliugua nao watu zaidi ya 700, na watoto 4 walifariki. Nyama ya kusaga ni hatari zaidi kwa sababu wadudu waliokuwa juu ya kipande husagwa na kuingia ndani.

Baada ya hapo watafiti walionyesha pia kwamba rangi si shahidi wa kuaminika: nyama ya kusaga huweza kuwa ya kahawia kabla ya kufikia joto la usalama. Mwaka 2000 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianzisha kampeni ya kuhimiza kila nyumba itumie kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, ikitumia mchoro wa kipimajoto kilichopewa jina Thermy. Tangu hapo swali limekuwa "ndani ya nyama kuna joto gani?" badala ya "jiko lina joto gani?" Hilo la kwanza ndilo mama yetu alipaswa kujiuliza. Saa ya mfuniko ilikuwa inamjibu la pili, tena kwa uongo.

Ufanye nini wewe

Wakati wa kununua:
1. Chagua chenye tarakimu za Sentigredi, si rangi na maneno tu.
2. Chagua chenye mkia mrefu unaoingia ndani. Mkia mfupi husoma zaidi joto la bati la mfuniko.
3. Kikiwa upande wa chini wa mfuniko, karibu na usawa wa wavu, ni bora kuliko kilicho kileleni.
4. Hakikisha kinafunguka kwa nati, ili uweze kukipima na kukibadilisha.
5. Kioo kikiwa na ukungu ndani, mvuke umeshaingia. Kiache.

Kukipima: kifungue jiko likiwa limepoa. Kishike kwa koleo, mkia uzame kwenye maji yanayochemka bila kugusa sufuria, subiri mshale utulie. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kisome 100. Dodoma 96 hivi, Arusha 95, Mbeya na Nairobi 94. Kikikosea kwa nyuzi chache, andika tofauti kwenye kipande cha plasta ukibandike jikoni. Kikikosea kwa 20 kama cha yule mama, nunua kingine. Kama tarakimu zake zinaanzia juu ya 100, kipimo hiki hakitakufaa.

Kukitumia: washa jiko, funika, subiri dakika 10 hadi 15. Mshale unakufaa unapooka kuku mzima au mguu wa mbuzi upande usio na moto chini yake, mfuniko ukiwa umefungwa. Hapo unakuonyesha kama joto linapanda au linashuka. Kwa mishkaki juu ya moto wenyewe, mfuniko wazi, usiutazame kabisa.

Mwisho, nunua kipimajoto cha kuchoma nyama. Kichome sehemu nene zaidi bila kugusa mfupa. Vile vya mshale vinahitaji kuzama kama sentimita 5 au 6, kwa hiyo kwa vipande vyembamba tumia cha kidijitali, na kisafishe kila baada ya kuchoma. Shabaha zako ni hizi: kuku na ndege wote 74, nyama ya kusaga 71, kipande kizima cha ng'ombe, mbuzi au kondoo 63, kisha kipumzike dakika 3. Wamarekani tangu 2011 wanakubali 63 hata kwa kitimoto. Mimi kwa hapa kwetu, ambako bado tunapambana na minyoo ya tegu kwenye nguruwe, nakushauri ufike 71 au zaidi, na nyama iwe imepigwa muhuri na mkaguzi.

Yule mama sasa ana vipimajoto viwili: kipya cha mfuniko na kimoja cha kuchomea. Wiki iliyopita alinitumia picha ya paja la kuku na namba 76. Chini aliandika, "Bwana mifugo, huyu hana damu." Oda yake ijayo ni ya kuku 20.

Kama una jiko la namna hii na una shaka na saa yake, ilete ofisini siku ya mnada. Maji ya kuchemsha yapo.