Yusuf wa Deliorman na Dhahabu Isiyoonekana

Mtu akifa maji katikati ya bahari na maiti yake isipatikane, walioko nchi kavu humzika kwa maneno. Ndivyo alivyozikwa Yusuf Ismail, mpiga mieleka aliyezama Atlantiki tarehe 4 Julai 1898. Wachache wanaolijua jina lake leo hukijua kisa kimoja tu: jitu la Kituruki lisiloamini noti wala benki, lililojifunga kiunoni mkanda uliojaa sarafu za dhahabu, meli ikapasuka, nalo likaenda chini moja kwa moja kwa uzito wa tamaa yake.

Kisa kitamu, na kina kila kitu ambacho mhubiri angetaka. Kabla ya kukimeza, tumfuate mwenyewe tangu mwanzo.

Yusuf alizaliwa mwaka 1857 katika kijiji cha Karalar, upande wa Shumla, kwenye nchi ya misitu ambayo Waturuki waliiita Deliorman. Leo hapo ni kaskazini-mashariki mwa Bulgaria, lakini wakati ule palikuwa pa Sultani wa Istanbul. Vita vya Urusi na Uturuki vya 1877 na 1878 vilipokwisha, wakubwa wa Ulaya waliketi Berlin wakachora mipaka upya, na kijana huyu wa miaka 21 akajikuta ndani ya Bulgaria bila kuhama hata hatua moja. Waislamu wengi wa huko walifunga mizigo wakaelekea kusini. Walichobeba, pamoja na mashuka na masufuria, ni mieleka, kwa sababu Deliorman ilitoa mabingwa mfululizo, mmoja akimfundisha mwingine.

Mieleka yao haifanani na hii tunayoizoea kwenye televisheni. Watu wawili huvaa kispet, suruali ya ngozi nzito inayofika chini ya magoti na kukazwa kwa kamba. Kisha humwagiwa mafuta ya zeituni kuanzia utosini, nao husaidiana kupakana mgongoni, maana sheria inataka adui yako ateleze sawasawa na wewe. Ngoma na zumari hulia tangu mwanzo hadi mwisho. Mnadi huwatangaza wapiganaji kwa majina na sifa zao, akawaombea dua, nao huzunguka uwanjani kwa madaha wakigusa nyasi, goti na paji la uso. Ndipo kazi huanza. Mkono hauna pa kushika, shingo inateleza, bega linateleza, na njia ya uhakika ni kuupenyeza mkono ndani ya kispet ya mwenzio hadi upate pindo la ngozi la kung'ang'ania. Ukimgeuza kitovu chake kikaona mbingu, umemshinda. Enzi za Yusuf hapakuwa na saa: watu waliweza kushikana tangu adhuhuri hadi giza, wakalala, wakaendelea kesho. Na uwanja ulikuwa mbuga tu, nyasi zinazoenda hadi macho yanapoishia. Naomba msomaji alishike hili la uwanja.

Mashindano makubwa kuliko yote yalikuwa ya Kırkpınar, ambayo siku hizi hufanyika Edirne na tangu mwaka 2010 yamo katika orodha ya urithi wa UNESCO. Bingwa wa huko alikuwa Kel Aliço, mzee mwenye sifa ya ukatili, ambaye Waturuki husimulia kwamba alikikalia kiti hicho kwa miaka 26. Husimulia pia kwamba Yusuf alipokutana naye, walikamatana mpaka jua likazama bila kupatikana mshindi, na Aliço, mvi kichwani, akamwachia kijana nafasi kwa ridhaa yake. Tangu hapo akaitwa Koca Yusuf, yaani Yusuf Mkubwa.

Angeweza kuishia hapo, akala vizuri, akazeeka chini ya mti. Lakini mwaka 1894 akaja Joseph Doublier, mpiga mieleka wa Kifaransa aliyekuwa na kisasi. Alikuwa ameshindwa na mwenzake aitwaye Sabès, na kwa kuwa mikono yake haikutosha akaamua kukodi mikono ya wengine. Alirudi Paris na Waturuki watatu: Yusuf, Nurullah na Kara Osman. Yusuf akapangwa na Sabès, na Wafaransa waliandika kwamba pambano lilichukua sekunde nne. Hata kama saa iliyopima ilicheleweshwa kidogo kwa ajili ya gazeti, hakuna aliyedai lilifika dakika.

Mieleka ya Ufaransa ilikuwa na masharti ambayo mtu wa Deliorman angeyaona ya ajabu: ruksa kushika juu ya kiuno tu, miguu haiguswi, na mshindi ni yule aliyebana mabega mawili ya mwenzake kwenye zulia. Yusuf alizoea. Urefu wake ulipita futi sita, uzito wake ulipita kilo 110, na mtu aliyefunzwa kushika mwili uliojaa mafuta akipewa mwili mkavu ni kama amepewa mpini. Shida ilikuja pale Doublier alipokosa Wafaransa wa kumlisha akaanza kumpambanisha na Waturuki wenzake. Pambano lake na Ibrahim Mahmout, kama lilivyoelezwa na Edmond Desbonnet, mwanahistoria wa mieleka wa Paris, lilikuwa la kutisha: damu puani, mbavu zilizoumia, polisi wakiingia kuwatenganisha, na watazamaji waliokuja kuburudika wakipiga kelele liishe. Hapo ndipo sifa ya unyama ilipoanza kumganda. Nionavyo mimi, watu wawili walikuwa wanafanya mbele ya wageni kile ambacho kwao kilikuwa kazi ya kawaida ya mchana mzima.

Marekani alipelekwa mapema mwaka 1898 na William A. Brady. Huyu alikuwa ameshamsimamia bondia James Corbett hadi ubingwa wa dunia, na wakati huohuo alikuwa mtu wa tamthilia, mwenye kujua ni saa ngapi pazia lifunguke na nani avae nini. Hakumtafutia Yusuf jina jipya. Lilikuwapo tayari. Magazeti ya Marekani yalikuwa yametoka kuandika kwa miaka mingi juu ya mauaji ya Waarmenia ya 1894 hadi 1896, kisha vita vya Uturuki na Ugiriki vya 1897, na katika habari hizo "Mturuki wa Kutisha" lilikuwa neno la siasa, linalomhusu Sultani na majeshi yake. Brady alilichukua neno hilo akamvisha mkulima wa Bulgaria, akamfunga kilemba. Habari za ulaji wake zikafuata: kuku wangapi, mayai mangapi, namna alivyokula kwa mikono. Mtu asiyejua neno la Kiingereza hawezi kuandika barua kwa mhariri.

Biashara ilianza kwa ahadi: dola 100 kwa yeyote atakayevumilia dakika 15 mbele yake bila kuangushwa. Mmoja wa waliojitokeza ni George Bothner, kijana wa uzani mwepesi, fundi hasa, aliyekuja kuwa mmoja wa walimu na waamuzi wakubwa wa mieleka New York. Bothner alitegemea wepesi wake. Baadaye mwenyewe alisimulia, bila kujionea haya, jinsi Yusuf alivyomjia kwa kasi, akamkusanya, akamnyanyua hewani na kumbwaga kwa kishindo, mbinu zote alizokuwa amezipanga zikiwa bado kichwani. Simulizi hii naipa uzito kuliko nyingine zote za Marekani, kwa sababu imetoka kwa mtu wa kazi hiyo, aliyeumia, na asiye na tiketi ya kuuza.

Kisha likaja pambano la Ernest Roeber, bingwa wa mtindo wa Kigiriki na Kirumi. Tarehe 26 Machi 1898, ndani ya Madison Square Garden, waliwekewa jukwaa lililoinuliwa kutoka sakafuni, lisilo na kamba pembeni. Roeber, mtu mwenye akili, alikataa kukamatwa. Alizunguka, akarudi nyuma, akakwepa, hadi akafika ukingoni. Yusuf akamfuata akamsukuma. Roeber akaruka nje ya jukwaa, akatua chini vibaya, asiweze kuendelea. Ukumbi ulilipuka. Watu walivamia, polisi wakamzunguka Mturuki kumwokoa asipigwe, na mwamuzi akampa Roeber ushindi kwa rafu.

Magazeti yalisema hiyo ndiyo tabia ya Mturuki. Sasa ile mbuga niliyoomba ishikwe inahitajika. Kwa mtu aliyepigana maisha yake yote kwenye nyasi zisizo na mwisho, kumsukuma anayekimbia si kosa, ni namna ya kumlazimisha asimame. Hakuna ukingo, hakuna shimo, anaenda hatua kumi nyuma na mchezo unaendelea. Paris alipigana ukumbini, kweli, lakini na watu waliokubali kushikwa. Waliojenga jukwaa bila kamba, wakamweka mtu wa kilo zaidi ya 110 upande mmoja na mkwepaji upande wa pili, ndio waliopaswa kuulizwa. Nao waliuza tiketi za marudiano.

Marudiano yalifanyika tarehe 30 Aprili ndani ya Metropolitan Opera House, jumba ambalo matajiri wa jiji walizoea kumsikiliza Wagner. Wakati huo Marekani ilikuwa vitani na Hispania. Kwenye kona ya Roeber alikaa Bob Fitzsimmons, bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu. Joto lilipanda, ngumi zikaingia kati ya wapiganaji, wasimamizi wakapanda jukwaani, Fitzsimmons naye, na baada ya dakika chache hapakujulikana nani anapigana na nani. Halikutangazwa kuwa na mshindi. Wapo watakaosema vurugu zilipangwa, maana mabishano ya barazani kuhusu mieleka ni ya kweli au ni maigizo hayajaanza na televisheni. Mimi naona Brady hakuhitaji kupanga. Alihitaji tu kutokuweka kamba.

Juni ile, mjini Chicago, Yusuf alikutana na Evan Lewis, bingwa wa zamani wa Marekani aliyesifika kwa kabari ya shingo, hata akaitwa "Strangler". Akamshinda. Baada ya hapo hakubaki na la kuthibitisha upande ule wa bahari, akakata tiketi ya kurudi.

Meli ilikuwa La Bourgogne, ya Wafaransa, iliyong'oa nanga New York tarehe 2 Julai kwenda Le Havre. Alfajiri ya tarehe 4, kusini mwa kisiwa cha Sable, karibu na Kanada, palikuwa na ukungu mzito, na meli ilikuwa ikikata maji kwa mwendo mkubwa hata hivyo. Ikagongana na Cromartyshire, jahazi kubwa la Waingereza. Jahazi likabaki linaelea. La Bourgogne ikazama kwa chini ya saa moja, na watu zaidi ya 500 wakafa. Mwanamke mmoja tu alinusurika. Mtoto, hakuna hata mmoja. Katika mabaharia wa meli yenyewe waliokoka karibu nusu, na abiria waliopona walipofika Halifax walieleza jinsi boti zilivyogombewa, na jinsi waliokuwa majini walivyopigwa kwa makasia na kutishwa kwa visu wasipande.

Kwa hiyo hesabu ya dhahabu haihitajiki. Mamia ya wanawake na watoto walizama asubuhi ile, wala hakuna aliyewatafutia mkanda kiunoni. Inawezekana kabisa kwamba Yusuf alikuwa na fedha zake mwilini, kwani mhamaji yeyote wa wakati ule aliyechuma ugenini alirudi nazo kibindoni, Mwitaliano au Msiria, na hakuna aliyemwita bahili. Lakini kiasi kilichotajwa kilikua kila kiliposimuliwa, hadi kikafika dola 10,000, na waliokitaja walikuwa nchi kavu. Uturuki wanasimulia kisa kingine: kwamba Yusuf aliushika ukingo wa boti, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuibandua mikono ile, waliomo ndani waliikata. Nacho ni kisa. Lakini angalau kinafanana na ushahidi uliotolewa Halifax kuliko kile cha dhahabu.

Kazi yake haikusimama. Mwaka 1899 Kara Ahmed alitwaa ubingwa wa dunia Paris, na Adalı Halil, mwanafunzi wa Aliço, akapelekwa Marekani kuziba pengo. Mwaka 1904, ndani ya Olympia mjini London, Ahmed Madrali alisimamishwa mbele ya George Hackenschmidt kama Mturuki wa Kutisha mwingine, akabwagwa kwa sekunde 44 huku mkono umeteguka. Baada ya hapo jina lilihitaji kilemba na masharubu tu, mvaaji awe nani, hakuna aliyejali. Aprili 1936, mjini Detroit, ubingwa wa dunia ulichukuliwa na Ali Baba, kipara mwenye masharubu, aliyetangazwa mara Mturuki, mara Mkurdi. Jina lake halisi lilikuwa Arteen Ekizian, baharia wa zamani wa jeshi la Marekani, na alikuwa Mwarmenia. Mei akamwangusha tena Dick Shikat, ambaye ndiye aliyevuliwa ubingwa kule Detroit, safari hii ndani ya Madison Square Garden. Mwezi uliofuata, mjini Newark, mwamuzi akaamua kwamba Ali Baba amecheza rafu, akampa ushindi Dave Levin.