Sir Harry Johnston, mwanasayansi aliyechora milima kwa rangi za maji

Mawingu yanapoondoka, wakazi wa Kipsongo, mtaa wa mabanda mjini Kitale, huuona Mlima Elgon upande wa magharibi. Milima mirefu ya Afrika Mashariki ndiyo iliyompa sifa Sir Harry Hamilton Johnston (1858-1927), Mwingereza aliyekuwa mchoraji, mtaalamu wa wanyama na mimea, na mtumishi wa dola ya kikoloni. Kazi hizo tatu haziwezi kutenganishwa.

Johnston alizaliwa London na kusomea uchoraji katika Royal Academy. Mwaka 1884 alitumwa Kilimanjaro kukusanya mimea na wanyama. Kwa hesabu yake mwenyewe, alipanda hadi kimo cha karibu mita 5,000. Safari hiyo aliieleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1886, chenye michoro yake.

Rangi za maji zilimfaa msafiri wa namna hiyo. Kisanduku chake ni chepesi na picha hukauka upesi. La muhimu zaidi, ua lililokaushwa hufifia, na kamera za siku hizo zilitoa picha nyeusi na nyeupe. Mchoro ulikuwa ushahidi, wala si pambo la ukutani. Mmea mkubwa wa Kilimanjaro unaofanana na kabichi iliyopandishwa juu ya gogo ulipewa jina lake, johnstonii. Ndugu yake wa Elgon huitwa elgonensis. Mwaka 1901 okapi wa misitu ya Kongo naye aliitwa kwa jina la Johnston, ambaye alimchora bila kumwona akiwa hai, kwa kutegemea ngozi na mafuvu.

Kati ya 1899 na 1901 alikuwa Kamishna Maalumu wa Uganda. Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ya leo ilikuwa chini ya Uganda. Kitabu chake cha mwaka huo, The Uganda Protectorate, kina picha za rangi alizochora mwenyewe.

Hata hivyo, jicho hilo kali lilikosea palipohitaji uangalifu zaidi. Johnston alizieleza nyanda za Uasin Gishu kuwa karibu tupu na zinazofaa kukaliwa na Wazungu. Hakika vita vya karne ya 19 vilikuwa vimewatawanya Wamaasai wa huko, lakini ardhi isiyo na nyumba si lazima iwe ardhi isiyo na mwenyewe. Walowezi walichukua Uasin Gishu, kisha Trans Nzoia jirani, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Wakony wa Elgon waliwasilisha madai ya ardhi yao mbele ya Tume ya Carter, iliyotoa ripoti mwaka 1934.

Kipsongo yenyewe ilikuja kukaliwa na Waturkana wengi waliokimbia ukame na wizi wa mifugo, wakajenga vibanda bila hati ya shamba. Jina la mlima wanaoutazama, Elgon, huhusishwa na Wakony hao hao.