Babu, Mjukuu na Mshipi: Stori ya Pwani Isiyofundishwa Shuleni

Sensa ya 2022 inasema Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3. Bahari ipo pale pale, kuanzia Kunduchi mpaka Kigamboni. Lakini chukua watoto kumi wa Sinza au Tabata, waulize nani kawahi kushika mshipi akasikia samaki anavuta upande wa pili. Wengi watakuonyesha picha walizopiga Coco Beach. Samaki wanamjua akiwa ameshakaangwa.

Miaka sitini tu nyuma hali hiyo ingeonekana kituko. Pwani nzima, Lamu, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Mafia mpaka Kilwa, watoto wengi wa vijiji vya baharini walijua kufunga ndoana kabla hawajajua kuandika majina yao. Na mwalimu wao mara nyingi alikuwa babu. Jina lake halipo kwenye kitabu chochote. Vitabu vina masultani, wamisionari na magavana. Aliyemfundisha mtoto wa Kizimkazi kutofautisha changu na tasi hakuandikwa popote.

KWA NINI BABU NA SIO BABA?

Jibu ni rahisi: baba alikuwa kazini. Mvuvi mwenye nguvu zake anaondoka usiku na ngalawa, anafuata upepo, anarudi asubuhi na mzigo wa kuuza. Akifika nyumbani anataka kula na kulala. Mtoto mdogo kwenye chombo cha kazi ni shida. Anachukua nafasi, anatapika, anaogopa mawimbi, na mkono mmoja wa mtu mzima lazima uwe unamshika yeye badala ya kamba.

Babu yeye kashaacha maji makuu. Macho yamepungua, mgongo unauma, lakini kukaa mbali na bahari hawezi. Kwa hiyo anashinda ufukweni akishona nyavu na kusuka dema, ule mtego wa fito unaotumbukizwa chini samaki aingie asijue pa kutokea. Maji yakiwa mazuri anachukua mshipi wake anaenda mwamba wa karibu. Na mjukuu naye hana kazi. Basi watu wawili ambao hakuna mtu anawahitaji asubuhi ile wanaondoka pamoja.

Halafu kuna utani. Kwa makabila mengi ya huku kwetu, babu na mjukuu ni watani. Babu anamwita mjukuu wa kike "mke wangu", wa kiume "mume mwenzangu", na mtoto anaruhusiwa kumjibu kwa namna ambayo kwa baba yake ingemletea kofi. Mvutano wa mzazi na mtoto haupo. Samaki akitoroka na chambo, baba angefoka. Babu anasema, "Muache, kaenda kumwita kaka yake mkubwa." Wanacheka, wanatia chambo kingine.

Hapo ndipo raha yenyewe ilipokuwa. Kwa baba, uvuvi ulikuwa riziki, na riziki haina mchezo. Kwa babu na mjukuu ulikuwa mchezo ambao mwisho wake unaweza kuleta kitoweo. Mtoto aliipenda bahari kwanza, kazi akaja kuijua baadaye.

MAMBO HAYA NI YA LINI?

Ni ya zamani kuliko misikiti mingi ya mawe ya pwani. Kwenye kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, kuna magofu ya mji wa Shanga ambao ulianza karne ya 8. Wanaakiolojia waliochimba pale walikuta mifupa mingi sana ya samaki. Kwenye tabaka za mwanzo wengi ni samaki wa karibu, wa miambani na kwenye maji mafupi. Dalili za kuvua kwenye maji makuu zinaongezeka kwenye miji ya pwani kuanzia kama mwaka 1000 hivi.

Fikiria maana yake. Kwa mamia ya miaka ya mwanzo, watu wa pwani walikula kwa kuvua pale pale ambapo hata mzee na mtoto wanafika kwa miguu. Bahari ya mbali ilikuja baadaye, na vyombo vyake. Ngalawa yenyewe, na zile mbao mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke, wataalamu wengi wanaihusisha na mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, ndugu wa wale waliohamia Madagaska. Lakini mshipi, ndoana na mwamba wa karibu havikuacha kutumika. Vilibaki kwa wazee na watoto.

DARASA LENYEWE

Somo la kwanza lilikuwa mwezi. Babu hakuhitaji programu ya simu. Aliangalia tarehe ya mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu kuzunguka tarehe 15, ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti inaweza kupita mita 3. Kuzunguka tarehe 7 na tarehe 22 ni maji mafu, bahari haisogei sana. Na kila siku maji yanachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Mtoto aliyejua hesabu hiyo alijua aende saa ngapi na, kubwa zaidi, arudi saa ngapi. Wengi wamekufa mwambani kwa sababu ya kutojua hilo la pili.

Somo la pili lilikuwa kidole. Mshipi wa mkono hauna fimbo wala mashine. Ni uzi, chubwi la kuuzamisha, ndoana na chambo, labda kipande cha ngisi. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada, na kidole ndiyo jicho lako chini ya maji. Samaki mdogo anadonoa donoa. Changu anagonga mara mbili kisha anaondoka nao. Mkunga anavuta kwenda shimoni. Mtoto anataka kuvuta kila akisikia kitu, babu anamwambia subiri. Anasubiri. Anakosea. Anasubiri tena. Siku kidole kinapoelewa, mtoto anapiga kelele ambayo kijiji kizima kinaisikia.

Somo la tatu lilikuwa kuogopa vinavyostahili kuogopwa. Bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira, haliwi, ana sumu inayoua. Taa ana mwiba mkiani, kwa hiyo ukitembea kwenye mchanga buruta miguu, usiinyanyue. Kaa anashikwa kwa nyuma. Na samaki mchanga anarudishwa. Babu hakuwa amesoma mambo ya mazingira. Alijua tu kwamba yule mdogo wa leo ndiye kitoweo cha mwakani.

NA BIBI JE?

Stori hii ikiishia kwa babu itakuwa nusu. Bamvua likikupwa, mwamba unabaki wazi, na kwenye pwani ya Dar na Zanzibar maji hayo hufika chini kabisa karibu saa nne asubuhi. Muda huo ulikuwa wa bibi na wajukuu wa kike. Bibi anashika mti wenye ncha, anatembea polepole akiangalia mashimo. Pweza anajificha, lakini nje ya nyumba yake anaacha makombe ya chaza na mabaki ya kaa aliowala. Mtoto anafundishwa kuyasoma yale makombe kama anwani. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Na wengi wa hao wavuvi walikuwa wanawake.

Siku nyingine wanawake na watoto wanashika kanga au kipande cha nguo pembe zote, wanaingia maji ya kiunoni, wanatanda kuchota dagaa. Wanarudi wamelowa, wanacheka, na ndoo ina kitu.

KILIKATIKA WAPI?

Hakuna siku moja ambayo mnyororo huu ulikatika. Ulilegea kidogo kidogo.

Nailoni ilikuja, miaka ya 1950 na 1960. Kabla ya hapo nyavu na mishipi ni nyuzi za pamba na za mimea, zinaoza, kwa hiyo zinataka kukaushwa na kushonwa kila mara. Ule muda wa kushona ndiyo ulikuwa muda wa stori. Nyavu za nailoni zinadumu. Wavuvi walipata nafuu kubwa, na babu akapungukiwa na shughuli iliyomkalisha karibu na watoto.

Shule ikaja kwa wote. Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa kila mtoto, na hakuna mtu mwenye akili atakayeulaumu. Lakini kengele ya shule haifuati mwezi. Bamvua la saa nne asubuhi likiangukia Jumanne, mtoto yuko darasani, bibi yuko mwambani peke yake.

Halafu baruti. Uvuvi wa mabomu ulipigwa marufuku kwa sheria Tanzania mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miongo mingi, na pwani ya Dar es Salaam iliumia vibaya. Mlipuko mmoja unaua wakubwa, wadogo na mayai, na unavunja matumbawe ambayo yanahitaji miaka mingi kurudi. Anayeumia zaidi ni mvuvi wa karibu. Mwenye mashine atakwenda mbali zaidi, lakini mzee na mtoto wana ule mwamba mmoja tu. Ukishavunjwa, kidole kinakaa kwenye uzi asubuhi nzima bila kusikia kitu, na mtoto wa miaka saba hatarudi kesho. Miaka ya karibuni doria zimepunguza milipuko sana, ila matumbawe hayaponi kwa amri.

Mwisho ni mji wenyewe. Kuta, mahoteli, na familia kuhama kutoka vijiji vya bahari kwenda mitaa ya ndani. Babu akabaki kijijini, mjukuu akawa anamwona Idi na kwenye simu ya video.

KILICHOBAKI

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kawaida watu wanausema kwa maana ya adabu na nidhamu. Lakini hata kuipenda bahari ni kitu kinachokunjwa utotoni. Mtu mzima anaweza kujifunza kuvua, ila ile kelele ya siku ya kwanza anayo mtoto.

Na hapa ndipo pa kufanya haraka. Hesabu za maji, majina ya samaki, majina ya miamba ambayo haipo kwenye ramani yoyote, vyote vipo kwenye vichwa vya watu wenye miaka sabini na themanini. Mengi hayajarekodiwa. Kila msiba kijijini unaondoka na ramani.

Gharama ni ndogo. Uzi, ndoana mbili na chubwi vinapatikana kwa hela ya bando la siku chache. Uliza kwanza watu wa BMU, ule uongozi wa wavuvi wa ufukweni, wapi panaruhusiwa, kwa sababu Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975 na kuvua pale hakuruhusiwi. Chagua maji yanapoanza kujaa, samaki ndiyo wanapanda mwambani kutafuta chakula. Mtoto asiachwe peke yake hata dakika moja.

Kisha mtafute babu. Kama wa kwako katangulia mbele ya haki, wapo wengine wamekaa ufukweni Kunduchi, Msasani na Kigamboni, wanashona, wanaangalia maji. Msalimie shikamoo, kaa chini, mwambie umeleta mtoto hajawahi kushika mshipi. Wengi wao wamekaa muda mrefu bila kuulizwa.

Je, wewe nani alikufundisha kuvua, na ulipata samaki gani siku ya kwanza? Andika hapo chini. Kama unakumbuka jina la mwamba wa kwenu, liandike pia, mtu mwingine alisome.