Gertrude Elion Aliacha PhD, Lakini Usimfanye Kisingizio

Kila nikitaja kwamba niliacha chuo, lazima kuna msee atanitumia ile picha ya Gertrude Elion. Mama yuko maabara, na maandishi juu yake: "Hakuwa na PhD. Alishinda Nobel." Halafu chini ananiandikia, "Tuko pamoja, bro."

Sitadanganya, kwa muda niliipenda sana hiyo picha. Ilinisaidia kulala. Kisha nikakaa chini nikasoma maisha ya huyu mama vizuri, na nikagundua watu wengi wanaoisambaza hawajui alifanya nini. Wacha niwasimulie, halafu mtajiamulia.

Elion alizaliwa New York mwaka wa 1918. Babake alikuwa daktari wa meno, mhamiaji kutoka Lithuania. Soko la hisa lilipoporomoka 1929, pesa za familia zikaenda nalo. Akiwa na miaka 15, babu yake aliyempenda sana akafa kwa saratani ya tumbo, pole pole, huku yeye akiona. Hapo ndipo akaamua atasoma sayansi apigane na huo ugonjwa. Akaingia Hunter College, chuo ambacho wasichana wa New York walisoma bila kulipa karo, na 1937 akamaliza digrii ya kemia akiwa na miaka 19 tu, na alama za juu kabisa.

Ungedhani kazi zingempigia simu. Wapi! Aliomba msaada wa kusoma zaidi, akakosa. Aliomba kazi za maabara, na sehemu moja wakamwambia ati mwanamke atawavuruga wanaume kazini. Akajiunga na kozi ya usekretari, akaiacha baada ya wiki chache. Akakubali kufanya kazi maabara bila mshahara, bora tu ajifunze. Baadaye akafundisha fizikia na kemia shule ya upili mchana, usiku na wikendi anasomea shahada ya pili New York University. Akaipata 1941. Mwaka huo huo mchumba wake akafa kwa maambukizi ya moyo. Penisilini, dawa ambayo ingeweza kumwokoa, ilikuwa bado haijafikia watu wa kawaida. Elion hakuolewa kamwe maishani.

Sasa, nini kilifungua mlango? Vita. Wanaume walienda kupigana, maabara zikabaki na viti vitupu, na ghafla wanawake wakawa "wanafaa". Hata hivyo kazi ya kwanza ilikuwa kiwanda cha chakula: kupima ukali wa achari na kuangalia rangi ya kiini cha yai linaloingia kwa mayonizi. Ni 1944 ndipo alipata kazi kwa kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, chini ya bosi anaitwa George Hitchings.

Hapa ndipo utamu ulipo. Zamani hizo dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha: unajaribu hii, unajaribu ile, ukiona mgonjwa amepata nafuu unashukuru Mungu. Hitchings na Elion walifikiria tofauti. Seli ya saratani inagawanyika kama imechizi, na kila ikigawanyika lazima itengeneze DNA mpya. Kutengeneza DNA inahitaji malighafi, na baadhi ya hizo malighafi zinaitwa purini. Sasa je, ukiipa seli purini feki? Ni kama ufunguo wa kuchongesha mtaani: unaingia kwa kufuli, lakini hauzunguki, na sasa umekwama humo ndani, hata ule wa ukweli hauwezi kuingia. Seli inashindwa kuendelea. Na kumbuka, walianza hii kazi kabla ya Watson na Crick kuonyesha umbo la DNA mwaka wa 1953.

Purini feki ya kwanza iliyoleta matumaini ilijaribiwa kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka 23 mwenye lukemia, yaani saratani ya damu. Alipona hadi wakadhani imeisha. Akaolewa, akazaa mtoto. Baada ya kama miaka miwili, ugonjwa ukarudi, na akafa. Elion alimkumbuka huyo mwanamke miaka mingi sana baadaye, hata akiwa mzee. Dawa yenyewe pia ilitapisha watu vibaya. Kwa hivyo akarudi maabara.

Akatengeneza na kupima purini feki moja baada ya nyingine. Kwenye mojawapo, aliondoa atomu ya oksijeni akaweka ya salfa. Ikawa mekaptopurini, au 6-MP. Wakati huo karibu nusu ya watoto waliopatikana na lukemia kali walikuwa wanakufa ndani ya miezi mitatu au minne. 6-MP ikaanza kuwapa wengine miezi zaidi, kwa baadhi hata mwaka na kupita. Mwaka wa 1953 Marekani ikaidhinisha itumike.

Lakini ugonjwa ulikuwa bado unarudi. Miaka ya 1960 ndipo madaktari waligundua kwamba dawa moja haitoshi, lazima uipige saratani na kadhaa kwa pamoja, na 6-MP ilikuwa moja ya hizo. Leo, kwenye nchi zenye uwezo, watoto wengi wenye ile aina ya lukemia inayowapata zaidi wanapona kabisa. Na 6-MP bado inatumika. Imekaa kazini miaka zaidi ya 70.

Halafu ona vile kitu kimoja kilizaa kingine. Watafiti waliona 6-MP inapunguza nguvu za kinga ya mwili. Kutokana nayo ikaja azathioprini, na 1962 madaktari wa Boston wakaitumia kupandikiza figo kutoka kwa mtu asiye wa ukoo wa mgonjwa, na figo ikashika. Wakitafuta njia ya kufanya 6-MP ikae zaidi mwilini, wakapata alopurinoli, ambayo leo ni dawa ya gauti, ule ugonjwa mnatishiana nao mkienda nyama choma. Baadaye timu ya Elion ikaleta asikloviri, dawa ya virusi ambayo ukipata mkanda wa jeshi utaandikiwa.

Na kama unafikiri hii ni hadithi ya Wazungu tu, fungua kabati ya dawa nyumbani. Septrin? Nusu yake, trimethoprimu, ilitoka kwa kundi hilo hilo la Hitchings. Zile tembe za kuzuia malaria ambazo mama wajawazito wa Pwani na wa huko Ziwa Victoria hupewa kliniki? Kiungo kimoja ndani yake, pirimethamini, kilitoka hapo pia.

Sasa turudi kwa PhD. Akiwa kazini, Elion alianza kuisoma jioni, safari ndefu ya treni kila mara. Baada ya miaka kama miwili, mkuu wa kitivo akamwambia achague: aache kazi asome muda wote, ama aache masomo. Akachagua kazi. 1988, akiwa na miaka 70, akapewa Nobel pamoja na Hitchings na Mskoti James Black. Mwaka uliofuata chuo kile kile kikampa shahada ya heshima. Alikufa 1999.

Kwa hivyo ndio, aliacha. Lakini angalia aliacha nini na akaenda wapi. Alikuwa na digrii mbili tayari. Aliacha darasa ili abaki maabara, mahali alipokuwa anasoma kila siku kuliko darasani. Mimi nilipoacha chuo, sikuacha ili nibaki kwa maabara. Niliacha kwa sababu karo ilikuwa imenishinda, na nikajiambia ni uamuzi wa kishujaa. Ile picha ilinisaidia kuendelea kujidanganya.

Na kuna kitu kingine ambacho ile picha haisemi. Elion alikuwa na akili ile ile mwaka wa 1937 na 1944. Kilichobadilika ni mlango. Chuo cha bure kilimfungulia, kisha miaka saba akafungiwa, kisha vita vikafungua, na bosi akakubali kumwachia kazi nzito bila kuuliza PhD iko wapi. Bila hizo bahati tungekuwa na sekretari hodari sana New York, na watoto wangapi wangekufa?

Ukinitumia hiyo picha tena, nitakuuliza maswali mawili. Umeacha darasa, sawa, lakini unasoma wapi sasa? Na wewe mwenye kazi ya kupeana, unaangalia mtu anajua nini, ama unaangalia karatasi tu?

Swali la kwanza najiuliza pia. Wiki hii nimeanza kulijibu kwa kurudi maktaba. Tutaona.