Jabali la Muziki na jasho la mtunzi

Wiki hii napenda tumzungumzie mtoto wa Kariakoo, hayati Marijani Rajabu, ambaye wapenzi wa muziki walimwita Jabali la Muziki.

Marijani alizaliwa Kariakoo mwaka 1955, akakulia katika mitaa ambayo muziki wa dansi ulikuwa jirani wa kila nyumba. Mwaka 1972, akiwa bado kijana mbichi, aliingia STC Jazz, bendi ya Shirika la Biashara la Taifa. Siku hizo bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika, jumuiya na majeshi. Mwenye magitaa na vipaza sauti ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mwanamuziki alikuja na koo lake tu.

Haukupita muda akahamia Safari Trippers ya David Mussa. Hapo ndipo jina lake lilipopaa, hasa kwa wimbo "Georgina". Vijana wa mjini walipenda magitaa yao ya umeme na mavazi yao. Lakini kwa maoni yangu, kilichodumu ni utunzi. Marijani alisimulia kisa chenye mwanzo na mwisho, kwa Kiswahili ambacho mama muuza vitumbua na karani wa ofisini walikielewa sawasawa.

Trippers ilisambaratika mwaka 1976. Marijani akaendelea na Dar International, akatoa "Zuwena" na "Masudi". Hapa tuangalie jambo moja. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Santuri zilitengenezwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Ikabaki studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ilirekodi, ikahifadhi na kurusha hewani nyimbo hizo, na bila redio huenda leo tusingekuwa nazo kabisa. Ila mtunzi alipata sifa kuliko fedha.

Kisha zikaja kaseti. Mtu mwenye redio kaseti mbili aliweza kunakili wimbo usiku na kuuza asubuhi. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu mwaka 1966, lakini nani aliisimamia? Miaka yake ya mwisho Marijani mwenyewe alijipatia riziki kwa kuuza kaseti Kariakoo. Alifariki Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, na kwa sheria hiyo ikaanzishwa COSOTA. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimtunuku Marijani nishani. Ni heshima kubwa, nami naipongeza. Lakini nishani ya marehemu hailipi kodi ya chumba alichopanga akiwa hai.

Wapo watakaosema kwamba wimbo ni wa watu wote. Kuuimba, ndiyo. Lakini fundi seremala akitengeneza kitanda, hakuna anayekibeba bila kulipa kwa madai kwamba usingizi ni wa watu wote. Tukipiga "Zuwena" harusini, baa au redioni, tujiulize malipo yanamfikia nani. Na vijana wanaotunga leo tuwalipe wangali hai.